Kiangazi cha Karagwe na Mapumziko Yasiyoletwa na Theluji

Katika nchi zilizo mbali na Ikweta, mapumziko ya mwaka huletwa na mbingu zenyewe. Mjini London mchana wa mwishoni mwa Desemba hautimizi saa nane, ilhali ule wa mwishoni mwa Juni hupita saa kumi na sita. Ardhi huganda, miti hupukutisha majani, mifugo huingizwa mabandani, na mkulima wa zamani, apende asipende, alikaa ndani akitengeneza zana zake na kuupima mwaka uliopita. Maandishi mengi yanayowahimiza watu wa nchi hizo wayapokee majira ya baridi kama wakati wa kupumzika na kutafakari yamejengwa juu ya hali hiyo, na siku hizi yanasomwa pia na Waafrika Mashariki, walio nyumbani na walio ughaibuni. Swali linalostahili kuulizwa ni nini kinachobaki cha wazo hilo linapofikishwa Rubwera, makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, mahali pasipofika hata nyuzi mbili kusini mwa Ikweta, ambako mchana mrefu kuliko yote ya mwaka unauzidi ule mfupi kwa dakika kama 10 tu, na ambako mgomba huzaa mwezi wowote unaotaka.

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba wazo hilo linabaki na uzito wake, lakini linabadilika sura. Nyanda za juu za Karagwe na Kyerwa zina majira yao ya kutua, nayo ni kiangazi cha Juni hadi Agosti. Hata hivyo majira hayo hayamlazimishi mtu kupumzika kama theluji inavyomlazimisha. Yanampa nafasi tu, na nafasi hiyo yaweza kuliwa na deni, na safari za kutafuta maji, na haraka ya kuuza kahawa, hadi Septemba ikafika kabla mtu hajaketi. Kwa sababu hiyo mapumziko ya huko yamekuwa siku zote jambo la mapatano kati ya watu, na historia ya eneo zima la Maziwa Makuu inaonyesha jinsi mapatano hayo yalivyopangwa, yalivyovunjwa na yalivyofufuliwa.

Kwanza yafaa kuyaeleza majira yenyewe. Kagera hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika, yanayonyesha kati ya Machi na Mei, na vuli, inayoanza Septemba na kuendelea hadi Desemba. Kati ya vuli na masika kuna ukavu mfupi wa Januari na Februari, ambao wakulima wengi huupita bila kuutambua sana, na kati ya masika na vuli kuna ule mrefu ambao Wanyambo, wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, huuita ekyanda. Chanzo chake ni kuhama kwa ukanda wa mvua, yaani eneo ambamo pepo za kaskazini na za kusini mwa dunia hukutana na kuinua hewa yenye unyevu hadi ikafanya mawingu. Ukanda huo hulifuata jua, na jua linapokuwa kaskazini mwezi Juni, nao huondoka juu ya Kagera na kuziachia nafasi pepo kavu za kutoka kusini mashariki. Kwa kuwa sehemu kubwa ya Karagwe na Kyerwa iko kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa anga la kiangazi halina mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipotee usiku, alfajiri za Julai huwa na baridi ya kutosha kumfanya mtu atafute koti, ukungu hulala katika bonde la Mto Kagera unaoitenga Tanzania na Rwanda na Uganda, kisha ifikapo saa tano jua huwa kali na vumbi jekundu hutanda juu ya barabara na majani ya migomba iliyo kando yake. Waswahili wa pwani huita miezi hiyo ya ubaridi kipupwe, nao hawaoni alfajiri kama za Karagwe. Na hata hizo za Karagwe ni upole mtupu mbele ya uwanda wa Kitulo huko Makete, ulio juu ya mita 2,500, ambako jalidi huyaunguza majani mwezi Juni na Julai.

Baridi ya namna hiyo ina manufaa kwa mwili. Joto la ndani la mwili wa binadamu hushuka kidogo anapoingia usingizini, na chumba chenye ubaridi wa wastani husaidia kushuka huko, ndiyo maana usiku wa kiangazi katika nyanda za juu hulalika vizuri kuliko usiku wa Februari mjini Dar es Salaam. Tahadhari moja haiwezi kuachwa katika makala kama hii: jiko la mkaa lililoingizwa katika chumba kilichofungwa ili kuota moto hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu, nayo huwaua watu wakiwa wamelala. Mkaa wa kuota hukaa nje, au mlango na dirisha hubaki wazi.

Sasa, ni nini hasa kinachosimama wakati wa ekyanda? Kinachosimama ni jembe. Maharage ya msimu wa masika huwa yamekwisha kung'olewa na kupigwa ifikapo Juni au muda mfupi baadaye, udongo wa mashamba ya wazi hukauka na kuwa mgumu, na hakuna mwenye busara anayepanda mbegu kabla ya dalili za vuli. Msafiri anayepita wakati huo na kuona mashamba hayo yakiwa matupu anaweza kudhani kwamba wakulima wako likizo. Dhana hiyo ingekuwa karibu na ukweli katika sehemu za Tanzania zinazotegemea mahindi au mtama peke yake, lakini Karagwe na Kyerwa ni nchi ya kibanja, yaani shamba la nyumbani ambamo migomba na mibuni hukua pamoja kwa kuzunguka makazi, na mbuni una kalenda yake.

Kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, na mkoa huo ndio unaotoa sehemu kubwa ya robusta yote ya Tanzania, wilaya hizi mbili zikiwa miongoni mwa wazalishaji wakuu. Matunda yake huanza kuiva kuanzia Mei na kuendelea kuiva kwa awamu hadi Septemba au Oktoba, kwa hiyo kiangazi ambacho kimemwondolea mkulima jembe kimemwekea kikapu mkononi. Kuchuma vizuri kunataka mtu arudi kwenye mti uleule mara kadhaa na kuchukua matunda mekundu tu, kwa sababu anayekwanyua tawi zima, mabichi na mabivu pamoja, anapata uzito haraka na kupoteza ubora. Baada ya kuchumwa, matunda huanikwa yakiwa na maganda yake juu ya turubai, mikeka au vichanja kwa majuma mawili, matatu au zaidi kutegemea jua, yakigeuzwa mara kwa mara mchana na kufunikwa usiku ili umande usiyalowanishe, mpaka yalie yanapotikiswa. Hiyo ndiyo inayojulikana sokoni kama kahawa ya maganda. Jua la ekyanda ndilo kiwanda cha kwanza cha kahawa hiyo, na laiti mvua ingenyesha mwezi Julai, nusu ya mavuno ingeota ukungu.

Hata hivyo kazi ya kahawa iliyoanikwa ni ya aina ya pekee, na pengine hapo ndipo penye siri ya mapumziko ya eneo hilo. Mtu anayelinda kahawa dhidi ya kuku, mbuzi na wingu la ghafla hawezi kwenda mbali, wala hana la kufanya kwa haraka. Anakaa kivulini, anageuza, anakaa tena, na majirani wanaopita hupata nafasi ya kukaa naye. Anayeandaliwa ukarimu wa kale hupewa kahawa ya kutafuna, yaani buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, ambazo katika Kagera nzima zimekuwa kwa vizazi vingi ishara ya kumkaribisha mgeni tangu kabla kinywaji cha kahawa hakijajulikana huko. Wengine huandaliwa rubisi, pombe ya ndizi mbivu zilizokamuliwa na kuchachushwa kwa mtama uliokaangwa. Mazungumzo yanayozaliwa katika vikao hivyo ni marefu, yana ukimya mwingi ndani yake, na mara nyingi ndimo zinamoanzia posa, suluhu za mipaka ya vibanja na mipango ya kumpeleka mtoto shule ya bweni.

Lakini si kila kaya inayoanika kahawa inaanika ya kwake. Neno linalotajwa kwa uchungu katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa ni butura, yaani desturi ya kuuza kahawa ikiwa bado maua au matunda mabichi mtini, kwa bei ndogo sana kuliko ile ya msimu, kwa mnunuzi mwenye fedha taslimu. Butura hutokea katika miezi ya shida: ada ya shule inadaiwa Januari, mgonjwa anahitaji kupelekwa hospitali, akiba ya maharage imekwisha, na mbuni ndiyo mali pekee ambayo mtu anaweza kuigeuza fedha bila kuihamisha. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na kuanzia msimu wa 2018/2019 ilielekeza kahawa ya wakulima wa Kagera ipite katika vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo kwa upande wa Karagwe na Kyerwa viko chini ya chama kikuu cha KDCU. Hata hivyo marufuku haiondoi shida iliyoizaa, na pale malipo yanapochelewa mnunuzi wa siri hupata tena wateja. Kinachohusu makala hii ni athari yake juu ya wakati wa mtu. Kaya iliyouza butura huvuna kiangazi kizima kwa niaba ya mwingine, kisha wanakaya hao hao huenda kuchuma kwa vibarua katika vibanja vya majirani ili wapate chakula cha Agosti. Mawaidha ya kupumzika na kutafakari yakitolewa kwa kaya ya namna hiyo huwa ni kejeli, na yeyote anayetaka kuzungumzia mapumziko ya vijijini bila kugusa mikopo, akiba na bei ya mazao amechagua kuzungumza na wenye nafasi peke yao.

Mbuni wenyewe, kwa upande wake, hupumzika bila kuacha kufanya kazi, na hilo ni jambo la elimu ya mimea linalostahili kuelezwa. Wakati matunda ya mwaka huu yanapoiva, katika vifundo vya matawi yaleyale huwa kuna matumba madogo ya maua ya mwaka ujao, ambayo hukua hadi ukubwa fulani kisha hutulia kabisa. Wataalamu huiita hali hiyo kulala kwa matumba. Ukame ndio unaoyaandaa kuamka: mti unapokaa muda wa kutosha bila maji ya kutosha, mabadiliko hutokea ndani ya matumba hayo yanayoyafanya yawe tayari, na mvua nzito ya kwanza inaponyesha yote huamka kwa pamoja na kuchanua ndani ya siku chache, kibanja kizima kikageuka cheupe na kunukia. Katika nchi za Ikweta zisizo na kiangazi cha kueleweka mbuni huchanua ovyo mwaka mzima, na mkulima hulazimika kuchuma kidogo kidogo miezi yote kwa gharama kubwa. Kutoka ua hadi tunda bivu robusta huchukua miezi ipatayo tisa hadi kumi na mmoja, kwa hiyo mavuno ya Julai yalikwisha kuamuliwa na kiangazi cha mwaka uliotangulia.

Upande wa fikra, nchi hii ina sifa ambayo haitajwi vya kutosha. Karagwe ilikuwa ufalme uliotawaliwa na ukoo wa Wahinda, na Omukama, yaani mfalme, wake aliyejulikana zaidi nje, Rumanyika, aliyetawala kuanzia miaka ya 1850 hadi alipofariki mwaka 1878, aliwapokea Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant katika makao yake ya Bweranyange mwezi Novemba 1861. Kumbukumbu za Speke, zilizochapwa 1863, zina mengi ya dharau na ya kubuni kuhusu asili ya watawala wa Maziwa Makuu, nayo yamefanya madhara makubwa baadaye. Lakini zinamwonyesha pia mfalme aliyeitumia nafasi ya wageni kuuliza maswali ya msingi, kwa mfano kama jua linalochomoza leo ndilo lilelile lililotua jana au kila siku huja jua jipya. Zinaeleza vilevile kwamba kila mwezi ulipoandama watu walikusanyika ikulu, ngoma zikapigwa, na mfalme akapima utii wa watu wake. Utaratibu huo ulikuwa wa kisiasa bila shaka, lakini ulikuwa pia kituo katika mwendo wa siku, siku moja kila mwezi ambapo nchi nzima ilitazamana. Grant naye, aliyekuwa na kidonda kibaya cha mguu, alishindwa kuendelea na safari mwenzake alipoondoka Januari 1862, akabaki Karagwe hadi Aprili. Miezi hiyo ya kulazwa bila hiari ilimpa nafasi ya kuchora na kuandika juu ya maisha, mimea na watu wa Karagwe kwa utulivu ambao wasafiri wa karne ile hawakuupata mara nyingi, nao umo katika kitabu chake cha 1864.

Ng'ambo ya Mto Kagera mapatano ya kutua yalipangwa kwa ukali zaidi. Wanyarwanda walikuwa na kipindi cha maombolezo ya kitaifa, Gicurasi, kilichoangukia mwishoni mwa masika, ambapo ngoma za kifalme zilinyamaza na ndoa hazikufungwa kwa kumkumbuka mfalme Ndahiro Cyamatare aliyeuawa vitani. Masimulizi yanasema kwamba mwanawe, Ruganzu Ndoli, alifichwa Karagwe kwa shangazi yake Nyabunyana, aliyekuwa ameolewa na mfalme wa huko, na alipokua alirudi kuirudisha nchi, hivyo huzuni hiyo ya Rwanda imefungamana na vilima hivi vya Tanzania. Baada ya maombolezo na mavuno ilifuata Umuganura, sherehe ya kuonja mazao mapya, mtama na ulezi kwanza, na taifa likahesabu lilichopata. Utawala wa Wabelgiji uliipiga marufuku sherehe hiyo mwaka 1925 na kumfukuza nchini mkuu wa mila hizo, Gashamura, kwa kuwa waliona kwamba siku ambayo watu wote hutua kwa amri ya mfalme ni siku yenye nguvu kuliko bunduki kadhaa. Ilifufuliwa kama sherehe ya taifa mwaka 2011, na leo huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti, katikati ya kiangazi. Mpangilio wake unaonyesha busara: ukimya ulitangulia, furaha ikafuata, na hesabu ikawa katikati.

Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, nako miezi hiyohiyo ya ubaridi ina siku yake. Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi unaoadhimishwa Julai, huwakutanisha wanaume wa pande mbili za mji wakapigana kwa magogo ya migomba, ambayo hayaumizi sana, ili kinyongo cha mwaka mzima kitoke hadharani na kuishia hapo, wanawake wakiimba na kibanda cha makuti kikichomwa moto. Karagwe, nchi ya migomba kuliko Unguja, haina mchezo huo, ingawa ina njia nyingine ya kutoa yaliyo moyoni: enanga, zeze la nyuzi saba au nane lililochongwa katika ubao, ambalo wapigaji wake hulitumia kusimulia tendi ndefu za mashujaa na wafalme wa Kagera. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizitafiti tendi hizo kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba ni fasihi yenye kanuni zake. Utendi wa namna hiyo hauwezi kusikilizwa na mtu mwenye haraka.

Ni lazima pia kusemwa ni nani anayeketi kuusikiliza. Kiangazi kinapunguza palizi, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa huwaangukia wanawake, lakini hukausha chemchemi za karibu, na katika vilima ambavyo makazi yako juu na maji yako bondeni safari ya ndoo huongezeka urefu wakati huohuo ambao baba wa kaya anasemekana kupumzika. Kuni ni kavu, jambo jema, ila maharage na ndizi bado zinataka kupikwa mara mbili kwa siku. Kahawa iliyoanikwa nayo mara nyingi huachiwa mama na watoto waliofunga shule mwezi Juni. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusika na vifo vipatavyo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka mmoja wa 2016, lakini makadirio ya namna hiyo husimama juu ya kazi zinazolipwa, na saa za mwanamke wa Nkwenda au Kaisho, wilayani Kyerwa, anayerudi kisimani kwa mara ya tatu haziandikwi popote. Kaya inayotaka kiangazi kiwe majira ya kutua haina budi kuanza na pipa la kuvunia maji ya paa wakati wa masika, kwa sababu tangi lililojaa Mei ni saa kadhaa za mapumziko ya Julai, na mwenye kuzipata ni yule aliyezikosa siku zote.

Wafanyakazi wa ajira waliopo Rubwera na Kayanga, makao makuu ya Karagwe, yaani walimu, wauguzi na makarani, wana kinga ambayo mkulima hana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, pumziko la saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Kwa mkulima sheria pekee iliyowahi kusimama mahali pa hiyo ni desturi na dini. Katika jamii nyingi za Maziwa Makuu jembe halikushikwa siku za matanga, na aliyelima jirani yake akiwa amelala mauti alionekana kuwa mtu wa ajabu; Jumapili, iliyoletwa na misheni za Kikatoliki na za Kilutheri, ilichukua sehemu ya kazi hiyo, na katika vijiji vingi ibada za mavuno na mikutano ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndizo zinazowakalisha watu pamoja hadi leo. Waislamu wa wilaya hizi wana Ijumaa yao na, mwezi wa Ramadhani ukiangukia kiangazi, usiku wa futari na darasa ambao ni mrefu kuliko mchana wa kazi kwa namna wanavyouhisi.

Kati ya yote hayo, kinachoonekana kuwa kiini cha tafakuri ya ekyanda ni kikao cha kaya baada ya kahawa kuuzwa. Hapo fedha huwekwa mezani, au angalau hutajwa kwa jumla yake, na mwaka husomwa kuanzia nyuma: ni mibuni mingapi iliyozeeka na inataka kukatwa ili ichipue upya, ni sehemu gani ya kibanja iliyoshambuliwa na mnyauko wa bakteria wa migomba uliothibitishwa Kagera mwaka 2006 na ambao hauna tiba ila kuiondoa mimea iliyougua, nani anadaiwa, nani anadai, mtoto yupi anaingia kidato cha tano. Nyasi za matandazo, yaani zile zinazotandazwa chini ya migomba ili udongo usipoteze unyevu, huamuliwa nazo zitakatwa wapi, kwa kuwa vilima vya malisho vimepungua kadiri watu wanavyoongezeka na mioto ya kiangazi inavyoviteketeza vilivyobaki. Katika kaya ambamo mume huenda mnadani peke yake na kurudi na jumla anayoijua yeye tu, kikao hicho hakipo, na mke hupanga mwaka wake wa kilimo kwa kubahatisha. Hapo fedha huishia vilabuni kabla ya matandazo kukatwa, na Januari mnunuzi wa butura huwa tayari mlangoni.

Muda wa kikao hicho una mpaka. Mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli kwa maeneo yanayopata mvua mara mbili, Kagera ikiwamo, na redio za jamii kama FADECO ya Karagwe huusoma na kuufafanua kwa wasikilizaji. Utabiri huo huwa na maana kwa kaya ambayo imekwisha kujua ina fedha kiasi gani za mbegu za maharage, ni shamba lipi litalazwa bila kulimwa mwaka huo ili lipate nguvu, na ni nani atakayekuwapo nyumbani wakati wa kupanda. Kaya ambayo bado inauliza maswali hayo mvua ikiwa imeanza hununua mbegu kwa bei ya msongamano, hupanda majuma mawili baada ya wenzake, na hufanya palizi ya Novemba sambamba na upandaji wa vipande vilivyochelewa, huku matumba ya kahawa yaliyochanua yakiwa yamekwisha kuwa vitunda vya kijani ambavyo mtu mwenye shida anaweza tena kuviuza.